Ndesario na Mkondo Usiojengwa

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni hata nyinyi wa mlangoni, na anayebonyeza simu aiweke chini. Mmetoka mkutanoni na ramani mpya ya mji, nimesikia mlivyogombana ni wapi pajengwe, na moyo wangu haujatulia tangu asubuhi. Nyamazeni basi niwape maneno ya bibi yangu, aliyepewa na bibi yake, maana kusoma sikusoma, lakini kusikia nilisikia.

Enzi za mababu, vihamba, yale mashamba ya ukoo mlimani, vilipokwisha kugawanywa baba kwa mwana mpaka mtu akipiga chafya kitandani kwake jirani anamwitikia bila kuinuka, alizaliwa Ndesario mwana wa Mlaki, mjukuu wa Kombe mfua chuma. Ndesario Kamba-Ndefu, Ndesario Mbeba-Majabali. Huyo ndiye aliyewateremsha watu mpaka huku tambarare, mama yake begani huku, mdogo wake Kiwia begani kule, na mafiga matatu ya mama kwapani, wala hakutua njiani hata mara moja.

Alipofika hakujenga. Jua linawachoma watu, watoto wanalia, yeye anatembea na kamba yake ya ngozi mwezi mzima, anapima. Hapa nyumba. Hapa soko. Hapa makaburi, maana tutakufa hata huku. Njia akazipa upana wa ng'ombe wawili wa pembe ndefu kupishana bila kutukanana. Na katikati, penye bonde kavu ambalo hakuna aliyewahi kuliona na tone la maji, akapanda isale pande zote mbili. Isale mnalijua: ndilo jani la mpaka, na ndilo tunalompelekea tuliyemkosea, na aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Akatamka: "Huu ni mkondo. Asijenge mtu hapa, hata mimi, hata mwanangu."

Miaka ikapita, wana wakaoa, viwanja vikajaa, na lile bonde limelala wazi, watu wanalitazama kama mwenye njaa anavyotazama chungu cha jirani. Ndipo Ndeanasia, mke wa Kiwia, mwanamke wa ulimi mkali, akasimama mbele ya mji wote akasema, "Shemeji, kamba yako inajua kupima ardhi. Tumbo la mkamwana wangu nani atalipima? Au akazalie juu ya mti?"

Watu wakacheka. Ndesario aliyebeba majabali, kicheko kile hakukiweza. Akang'oa isale kwa mkono wake mwenyewe. Kiwia akajenga bondeni, na nyuma yake zikaja nyumba nyingine kumi na moja.

Tangu siku hiyo hakula akashiba. Kila kukicha anatazama wingu lilivyokaa mlimani, analaza sikio chini, anasikiliza. Siku moja akaona siafu wamebeba mayai yao, mistari kwa mistari, wanatoka bondeni kwenda juu, wanapita mlangoni kwa Kiwia. Na masika yalikuwa karibu. Akawaambia watu wahame. Wakamwuliza wahamie wapi.

Akakata isale, akalifunga fundo, na yeye ambaye hakupata kumpigia mtu magoti akapiga magoti nyumba kwa nyumba, zote kumi na mbili. "Niliwapa kisichokuwa changu kutoa. Nisameheni, mtoke."

Kiwia akalipokea jani kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. "Nimekusamehe, kaka, kwa moyo wangu wote. Lakini kuhama sihami."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa: kusamehewa alisamehewa, na watu wakabaki palepale, na mawingu yanazidi. Asubuhi iliyofuata mji ukasikia shoka. Ndesario anaibomoa nyumba yake mwenyewe, kule juu penye kiwanja kikubwa kuliko vyote, akakigawa kwa kamba vipande kumi na viwili, vyembamba kama mikeka, akatamka: "Jibu lenu hili hapa. Njooni mkae juu. Mimi nashuka."

Ndeanasia yuleyule ndiye wa kwanza kujitwika vyungu. "Baba watoto," akamwambia Kiwia, "wewe baki na msamaha wako. Mimi na mkamwana tumekwenda." Kiwia akafuata, na wengine nyuma yake.

Mvua ilipiga siku tatu, na ya nne mlima ukayaachia maji. Waliokuwa juu walimwona Ndesario katikati ya mkondo, maji kifuani, anaziangusha zile nyumba tupu moja moja, maana maji yalikuwa yanajikusanya nyuma ya nyumba hizo yapate kuugeukia mji. Alipoiangusha ya kumi na mbili maji yakapita, naye akapita nayo. Kiwia alimtafuta mpaka mashamba ya chini kabisa. Hakuona hata shuka lake.

Kiwia na wenzake walirithi vile vipande, ndiyo sababu nyumba za mtaa wa Kumi na Mbili zimebanana vile mpaka leo. Binti yake Ndesario, Aikande, hakuachiwa hata mgomba mmoja. Yeye alirithi mkondo, kuulinda usijengwe, akamwachia bintiye, naye bintiye, mpaka ukafika kwangu. Mimi nina miaka themanini na miwili, na sijapata bado wa kumwachia.