Adabu ya Muthana

Mwanafunzi bubu humpofusha mwalimu. Mmeisikia leo chuoni, mkacheka, kisha mkaniuliza ni mwalimu gani huyo aliyepofushwa na kimya. Basi kaeni vizuri. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika mji wa Kordoba, aliishi mwanafalsafa aitwaye Sheikh Mundhiri. Kwa miaka ishirini aliandika kitabu kimoja tu, kuhusu roho ya binadamu na namna inavyojua mambo. Mwanafunzi wake mkubwa, Muthana, alimpenda kama baba. Alimshikia viatu, alimtekea maji ya udhu, na mbele yake hakuinua sauti hata siku moja.

Siku moja, akinakili sura ya saba, Muthana aliona kosa. Sura ya pili ilisema roho haijui lolote mpaka macho na masikio yaifungulie mlango. Ya saba ikasema mtoto huzaliwa akiijua haki. Yote mawili hayawezi kuwa kweli, na sura zote zilizofuata zilijengwa juu ya hiyo ya saba. Muthana alishika kalamu muda mrefu. Mwishowe alijiambia kwamba mkubwa hakosolewi, akanakili kosa kama lilivyo, tena kwa hati nzuri. Akaisoma nakala yake mbele ya sheikh, akapewa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha kitabu.

Ikapita miaka sita. Sheikh akapofuka macho yote mawili.

Ndipo akaja Safura, binti wa mtengeneza karatasi, naye akitaka ijaza. Desturi ilikuwa msomaji asome nakala yake kwa sauti mbele ya mwandishi, wenzake wakifuatilia katika zao. Safura alisoma siku tatu bila kukwama. Katikati ya sura ya saba akanyamaza. Wenzake wakamkonyeza aendelee, na Muthana akaomba moyoni apite tu. Sheikh akamuuliza ameona nini.

"Uniwie radhi, mwalimu," alisema Safura. "Sura hii inaikanusha ile ya pili. Sijui niisadiki ipi."

Sheikh akamwamuru azisome zote mbili tena. Kisha akauliza kama yuko mwingine aliyewahi kuliona kosa hilo.

Muthana angeweza kunyamaza tena, hakuna aliyejua. Lakini alisogea mbele ya sheikh.

"Mimi, mwalimu. Niliona miaka sita iliyopita. Nilikustahi."

"Miaka sita iliyopita nilikuwa naona, mwanangu," alisema sheikh taratibu. "Ningekiandika upya."

Hakumgombeza zaidi ya hapo. Safura alipewa ijaza yake siku ileile, na pembeni mwa sura ya saba sheikh akamtaka aandike: Hapa nimekosea. Mwaka uliofuata mzee akafariki, kitabu chake kikiwa na ufa ambao hakuna mwingine aliyeweza kuuziba.

Muthana alifundisha mpaka uzeeni. Mwanafunzi mgeni alipoinama kumbusu mkono, aliurudisha nyuma, akamwambia asome kwanza, atafute mwalimu wake alipokosea, ndipo aje aubusu. Na kila aliyeuliza sababu alijibiwa kwa maneno yayo hayo mliyoyacheka asubuhi: mwanafunzi bubu humpofusha mwalimu.