Dawa Iliyokaa Uvunguni

Dawa ya uvunguni haivuki mwaka. Ndivyo Mbonea alivyoambiwa na shangazi yake asubuhi moja, alipokataa kumwonyesha dada yake Nakiete namna anavyoliwasha jiko kwa kuni mbichi. Shangazi akaenda zake sokoni. Mbonea na Nakiete wakaipeleka methali kwa bibi yao, Bi Nanzia, aliyekuwa barazani akimenya tangawizi.

"Bibi, dawa gani hiyo?" Nakiete aliuliza. "Na kwa nini isivuke mwaka?"

"Kuuliza mna midomo, kumenya hamna mikono," alisema Bi Nanzia, akawasukumia sinia. "Shikeni visu. Methali hii haikutoka kwa mganga. Ilizaliwa huku huku milimani, na chanzo chake ni hiki."

Zama za mafundi wa kwanza wa vikaushio palikuwa na programu ya kompyuta iliyoitwa Kivuli. Kazi yake ilikuwa kuigiza mashine. Fundi akitaka kuunda kikaushio cha tangawizi, hakuanza kwa kununua nyaya na bodi za kielektroniki. Alikiunda kwanza ndani ya Kivuli, akakiwasha, akakitazama kinavyofanya kazi, hata akakiunguza bila hasara. Kikikubali humo, ndipo alipokwenda kushika bisibisi.

Kivuli kilikuwa programu huria. Hakikuuzwa, wala hakikuwa na mwenyewe. Yeyote aliweza kukifungua, kukisoma na kukirekebisha. Sharti lilikuwa moja tu, nalo lilifanana na la mfereji wa kijiji: ukinywa maji yake, siku ya kazi ya pamoja uje na jembe lako. Kila mwaka baada ya masika mafundi walikutana. Aliyeona kasoro aliitaja, aliyepata dawa yake aliiweka mezani, na wote wakaandaa Kivuli cha mwaka unaofuata.

Miongoni mwao alikuwamo Naelijwa, binti wa Mama Kunda, fundi hodari aliyependa kusifiwa. Kupenda sifa si dhambi, hata jogoo anazipenda. Tatizo ni pale jogoo anapotaka awike peke yake.

Naelijwa aligundua jambo ambalo wenzake hawakuliona. Ndani ya kikaushio huwamo kihisi cha unyevu, ambacho mafundi walikiita pua. Pua ndiyo huiambia mashine kwamba tangawizi imekauka, izime moto. Katika Kivuli, pua ilinusa sawasawa siku zote. Lakini milimani, ukungu ukiwa mzito na baridi kali, pua halisi hushikwa na mafua. Husema kumekauka, kumbe bado kubichi. Mashine huzima mapema, na tangawizi huota kuvu ndani ya gunia. Watu walikuwa wakilaumu mvua.

Masika yote Naelijwa alikaa akipima pua inadanganya kiasi gani kwa kila ukungu na kila baridi. Akaiingiza hesabu hiyo katika Kivuli chake mwenyewe, na nakala akaiweka ndani ya kopo la biskuti uvunguni mwa kitanda. Siku ya mkutano, Elinihaki, fundi aliyekuwa msimamizi, aliuliza kama kuna aliyebaki na neno. Naelijwa alitazama kucha zake.

Tangu hapo vikaushio vyake havikukosea. Watu walitoka mlima hadi mlima wakisema, "Naelijwa ana mkono." Ilikuwa tamu kusikia. Vya Elinihaki vilizidi kuozesha, mpaka watoto wa kijijini kwao wakambandika jina la Fundi Kuvu. Naelijwa aliyasikia hayo pia, na moyo ukamchoma, lakini hakufungua kinywa.

Mwaka uliofuata mafundi walikubaliana kukifumua Kivuli chote na kukijenga upya, kwa maana bodi za aina mpya zilikuwa zimeingia na Kivuli cha zamani hakikuzijua. Kila dawa iliyokuwa mezani ilibebwa na kupimwa tena, ikakatwa hapa na kuongezwa pale mpaka ikakaa mahali pake. Naelijwa mwenyewe alisaidia kubeba za wenzake. Ya kwake ilikuwa nyumbani.

Msimu huo kikundi cha akina mama, ambacho Mama Kunda ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake, kilimwomba kikaushio kikubwa. Bodi zilizopatikana ni zile mpya tu. Naelijwa akalitoa kopo, akaiingiza dawa yake katika Kivuli kipya. Kivuli kikaipokea bila kelele. Akajaribu, akaona sawa, akaiunda mashine.

Walipofungua magunia ya kwanza, harufu iliwatangulia. Akina mama wakamtazama Mama Kunda, naye akamtazama binti yake. Tangawizi nyingi ilikuwa bado ardhini, na mvua za vuli zikianza ingechipua na kuharibika. Jasho la mwaka mzima la kina mama wale lilikuwa mikononi mwa Naelijwa.

"Mama, dawa ninayo," alisema walipofika nyumbani. "Sijui tu kwa nini imekataa."

"Uliipata lini?"

"Mwaka jana."

"Na wenzako wanasemaje?"

Naelijwa akainama kuvua viatu.

"Nimekuuliza, wenzako wanasemaje?"

"Hawajaiona."

"Muda wote huo ilikuwa wapi?"

"Uvunguni."

Mama Kunda hakupaza sauti. "Basi, mwanangu, dawa ya uvunguni haivuki mwaka. Ungeiweka mezani, ingevuka pamoja na za wenzako. Nenda kwa Elinihaki."

"Kwa Elinihaki! Nitamtazama kwa macho gani, mama?"

"Kwa hayo mawili niliyokuzaa nayo."

Alikwenda, kopo likiwa kwapani. Elinihaki aliisoma ile hesabu, akaisoma tena.

"Kumbe haikuwa mvua," alisema.

"Haikuwa mvua. Nisamehe, Elinihaki. Nilijua."

"Msamaha tutauzungumza siku nyingine. Tangawizi haisubiri."

Akawaita mafundi wote. Walipochungua pamoja, walikuta Kivuli kipya kinahesabu baridi kwa namna nyingine, kwa hiyo namba za Naelijwa ziliangukia pasipo pake. Mtu mmoja asingeliona hilo kabla ya mvua. Wengi waliliona mapema. Fundi wa Lushoto akaongeza vipimo vya ukungu wa kwao, wa Njombe akaongeza vya kwao. Tangawizi iliyokwisha kuota kuvu ilifukiwa. Iliyobaki ilikaushwa ikakauka, na mvua ikaja ikakuta mashamba matupu.

Kivuli kimefumuliwa na kujengwa upya mara nyingi tangu siku zile. Naelijwa alizeeka akaacha ufundi, na sasa hayupo. Lakini hesabu yake huvuka kila mwaka, mikononi mwa vijana ambao hawakuwahi kumwona, na pua za Kivuli bado hushikwa na mafua ukungu ukishuka.

Bi Nanzia aliweka kisu chini.

"Na Elinihaki alimsamehe?" Mbonea aliuliza.

"Mkutano uliofuata, Naelijwa alikuwa wa kwanza kuweka kitu mezani, kabla hajaulizwa. Hapo ndipo alipomsamehe."

Mbonea akainuka. "Nakiete, twende jikoni. Ni maganda makavu ya machungwa. Yanakaa chini, kuni juu yake."

"Siku zote hizo ni maganda tu!"

"Mwonyeshe vizuri," Bi Nanzia aliwapigia kelele kutoka barazani. "Na wewe Nakiete ukawaonyeshe wa jirani. Dawa ya uvunguni haivuki mwaka."