Kufuli la Simu za Fisi

Enzi zile wanyama wana simu na sisi bado tunaitana kwa ukelele, mvua iligoma na mto ukabaki mchanga mtupu. Kanga alikuwa na vifaranga saba, ndimi nje. Dada yake, Kwale, aliolewa ng'ambo ya mlima. Huenda kule kulikuwa na maji, lakini ni mama gani atawatembeza watoto wenye kiu siku mbili kwa huenda? Ilibidi aulize kwanza.

Simu alikuwa nayo, kauziwa na Fisi. Ila ng'ambo walitumia laini ya Tai, na laini za siku zile hazikuwa zikisalimiana. Kila Kanga akitia laini ya Tai, simu inaikataa.

"Bwana Fisi, nifungulie simu yangu."

"Simu yako, mama, kufuli langu," Fisi akacheka kile kicheko chake. "Nimekufungia kwa mapenzi, usihangaike kuchagua."

"Laini yako inaishia kwenye kichuguu kile."

"Basi ongea na mchwa. Wasikivu sana wale."

Kanga akaenda kwa Sungura. Sungura akajikuna sikio. "Shangazi, mizoga yote ya ng'ambo Fisi hufika wa kwanza. Nani humpa habari? Wewe mshitaki. Siku ya kesi mimi nitakuwa kwa Tai."

Siku ikafika. Simba alikaa kitini, asubuhi nzima imeishia kusifiwa manyoya.

"Mtukufu," Fisi akaapa, "kufuli hilo simu zilitoka nalo kiwandani. Halifunguki. Hata simu yangu imefungwa. Naumia na wenzangu."

"Kama halifunguki, hana kosa," Simba akaanza.

Simu ikalia kwapani mwa Fisi.

Ilikuwa sauti ya Tai, au ya aliyeazima simu ya Tai: "Nyati kafa huku ng'ambo."

Mwingine angekata. Fisi akauliza, "Mnono?"

Baraza zima likamgeukia. Simba akasema taratibu, "Kumbe linafunguka. Na langu je?"

"Lako, mtukufu, nilifunga kwa heshima."

Mwaka mzima Simba hakupigiwa na mtu wa ng'ambo. Alidhani wanamwogopa.

"Kitu kikishauzwa ni cha mnunuzi," akanguruma. "Hakuna sheria inayomfungia kwako. Fungua zote, hapa hapa, uanze na ya huyu mama."

Fisi akafungua huku mate yanamtoka, ya mwisho ikamponyoka mkononi, akatimka kuelekea mlimani.

Kanga akapiga. "Dada, kwenu kuna maji?"

"Tele. Mbona kimya hivyo? Nikadhani umeninunia."

"Nilifungiwa. Na huyo nyati aliyekufa?"

"Nyati gani? Nyati wote wako kisimani, wanakunywa."

Kanga akatazama vumbi la Fisi likipanda mlima. Angeweza kumpigia amwambie. Laini zote sasa zilikuwa wazi. Akaiweka simu chini ya bawa, akawapanga watoto kwa safari.