Mwajabu, Mtoto wa Mtia Kuni

Hapo zamani mto Rufiji ulipata meli ya moshi. Haikuishi sana. Ilikuja na maji ya masika, na kabla mpunga haujavunwa ilikuwa imekwisha kuwa chuma kilicholala mchangani.

Mbonde ndiye aliyetia kuni katika tanuri yake. Mkewe alifariki akijifungua, Mungu amrehemu, akamwachia Mwajabu, mtoto mchanga. Mbonde akiwa safarini, mtoto alibebwa na Bi Siwema, muuza kuni wa gatini.

Siku moja Hadia, mwanamke wa kijiji cha kando ya mto, alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Meli ikamchukua kumpeleka kwa daktari wa boma. Lakini kuni zilikuwa mbichi, meli ikashindwa na mkondo. Hadia akalia, "Kaka zangu, kazeni mwendo, nakufa!" Nahodha Ngaima akaifunga kwa waya vali ya kutolea mvuke, ili nguvu isipotee. Mbonde aliuona ule waya, akajua mvuke ukikosa pa kutokea boila itapasuka. Akasema Bismillahi, akaongeza kuni.

Walifika. Hadia alipokwisha kuteremshwa tu, boila ikapasuka. Mbonde alisema, "Mwangalieni mwanangu," akakata roho. Hadia akajifungua salama.

Baada ya khitma, watu watatu wakamtaka Mwajabu.

Nahodha akasema, "Waya niliufunga mimi. Nimemfanya yatima, nitamlea mimi."

"Wewe?" akadakia Bi Siwema. "Mkeo hata kifaranga hajalea! Kuni mbichi nilizileta mimi, kwa haraka yangu ya kuuza. Na mgongo anaoujua mtoto huyu ni wangu."

"Mgongo hautoi maziwa, mama," akasema Hadia. "Baba yake alikufa kwa kilio changu. Anyonye pamoja na wangu."

"Kulia si kosa, dada," nahodha akamjibu. "Kosa ni langu. Msininyang'anye."

Mwalimu Kindamba, aliyeombwa aamue, akafungua msahafu, akaufunga, akaufungua tena. Akimpa mwenye kosa, amemkabidhi yatima kwa aliyemuua baba yake. Akimpa asiye na kosa, mwenye kosa atalifidia vipi kosa lake? Na mwenye kosa ni yupi? Hata mimi kila nikilishika jambo hili, linaniteleza.

Mwajabu, aliyepakatwa na mke wa mwalimu, akaanza kulia kwa njaa. Wote watatu wakanyoosha mikono.

Je, ninyi mnaonisikiliza, mtoto apewe nani?