Mize na Zimwi la Wagonjwa

Paukwa! Itikeni pakawa, na mwenye kukohoa akohoe sasa.

Palikuwa na mama, Bi Mboja, na bintiye Mize wa miaka mitano. Mize akapata homa. Homa ndogo, kilio kikubwa.

"Mama, nakufa!" Akanyweshwa uji.

"Nakufa!" Akakandwa maji.

"Nakufa miye!" Zimwi linalochukua wagonjwa likasikia, likaingia.

"Nimekuja kumchukua anayekufa."

Bi Mboja akashika mchi. Mize akainua mkono kwa unyonge. "Subiri, babu, nikueleze ninavyoumwa."

Akaeleza kichwa, akaeleza tumbo, akaeleza unywele mmoja mmoja, mpaka zimwi likabubujikwa machozi.

"Pole, mjukuu wangu."

Mize, mtoto aliyefunzwa adabu, akajibu papo hapo: "Nimeshapoa."

"Umeshapoa?" Zimwi likaduwaa. Wazima halichukui. Likaondoka likijipangusa kamasi.

Bi Mboja akatoka uani na mchi wake, akawaambia majirani: "Ninyi mliosema namdekeza, mwanangu kaliliza zimwi! Nimemzaa mwenyewe huyo!"

Hadithi yangu ikiwa nzuri, gawaneni. Ikiwa mbaya, lipelekeeni zimwi.