Kule Nyuma ya Mwezi

Ndugu zangu, tulieni kidogo niwasimulie. Alikuwapo mtaalamu mmoja aliyepewa kazi ya kuchora ramani ya kitu kisichoonekana: nguvu za mwezi za kuvuta vitu. Chini ya udongo wa mwezi kuna miamba mizito na miepesi. Chombo cha angani kinachouzunguka mwezi kikipita juu ya ile mizito kinavutwa, mwendo unabadilika. Naye yuko huku duniani, atajuaje? Kwa kusikiliza redio ya chombo. Si mnajua pikipiki ikija mlio wake ni mwembamba, ikishakupita unakuwa mnene? Basi ndivyo hivyo. Mlio ukibadilika, anaandika: hapa pana uzito.

Ila chombo kilipozunguka nyuma ya mwezi, redio ilikatika. Na kila kilipotokea upande wa pili, kilikuwa kimeshuka kidogo kuliko alivyotarajia.

"Mzee," akasema binti aliyefanya naye kazi, "kuna kitu kule nyuma kinakivuta."

"Si kimerudi salama? Weka kimo kipya kwenye kompyuta, tuendelee."

"Lakini kila mzunguko, mzee?"

"Binti yangu, ramani inasubiriwa."

Moyoni alijua. Hilo ndilo linaloniuma. Alijua, lakini alikuwa amechoka, na mambo ya kule nyuma yangemchelewesha. Akaijaza sehemu ile kana kwamba haina kitu. Ramani ikapendeza, akapongezwa.

Kikaja chombo cha pili, hiki kikiwa na rubani ndani, cha kupita chini kabisa. Rubani akaita kwa redio: "Mzee, kule nyuma kukoje?"

Mtaalamu akamjibu: "Kama huku mbele tu, kijana wangu. Nenda."

"Haya, tutaongea nikitokea."

Akaingia nyuma ya mwezi. Saa ya kutokea ikafika, ikapita. Yule binti akaita, akaita, mpaka sauti ikamkauka. Mtaalamu alikaa na hedifoni masikioni, akisikiliza mvumo mtupu.

Mnamhukumu, sivyo? Ngojeni kwanza. Na sisi je? Yupo dada tunayesali naye. Simtaji, na msigeuze shingo kumtafuta. Kila mmoja ana wake anayemjua. Akishafunga mlango wa nyumba yake hatumsikii tena. Akitokea hapa Jumapili, ameshuka kidogo. Mara miwani ya jua ndani ya kanisa, mara mikono mirefu na joto lote hili. Nasi tunamwambiaje? "Bwana asifiwe, umependeza!" Tunaendelea na mambo yetu, maadamu amerudi.

Ibada inaisha sasa hivi, naye anarudi kule nyuma. Tunangoja nini, jamani, Jumapili ambayo hatatokea? Leo msipange foleni kunipa mkono mimi. Kila mtu amfuate wake, amvute pembeni, amuulize nyumbani kukoje. Na akikujibu "salama tu", usimwachie mkono.