Tembo Aliyejiita Mwenyeji

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na kupigiana hodi, Tembo alichimba mafuta nyuma ya mwamba wa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua, wanangu: mdogo kama sungura, mkia hana, maneno anayo.

Siku moja bomba la Tembo likapasuka. Pwaa! Mafuta yakamwagika kwenye chemchemi, na chemchemi ilikuwa hiyo hiyo moja. Watoto wa Bi Pimbi wakaanza kuharisha.

"Bwana Tembo, maji yetu!"

"Nimesikia, mama. Nawaletea fulana."

"Fulana zinanyweka?"

Zikaja kweli, zenye picha ya mkonga wake. Akaandaa na sherehe, akamwalika Simba, mkuu wa mwitu, aje ajionee wema wake.

Siku ya sherehe Bi Pimbi akavaa fulana yake, ikamfika hadi chini, akapiga vigelegele kuliko wote.

"Bwana Tembo, tukutambulishe vipi kwa mkuu? Wewe mgeni wetu au mwenyeji mwenzetu? Maana mgeni hachimbi bila ruhusa yetu."

"Mgeni nani?" Tembo akaruka. "Mimi mwenyeji! Wa hapa hapa!"

"Umesikia, mkuu? Mwenyeji!" Bi Pimbi akachota maji ya chemchemi kwa kata, akampa Tembo. "Basi mkaribishe mgeni wako. Ila onja kwanza, utoe uchawi, kama mila yetu."

Tembo akatazama ndani ya kata. Maji yalikuwa na utando mweusi.

"Mimi... leo nimefunga."

"Na hayo mashavu yamejaa nini, miwa au dua?"

Kwa kwa kwa! Wanyama wakavunjika mbavu.

Simba hakucheka. "Mwenyeji anayeogopa kuonja ana jambo. Onja!"

Tembo akafumba macho. Glu, glu... Pfuuu! Akayatema yote, yakamrukia Simba usoni.

"Haya ndiyo unayowanywesha wenzako?" Simba akanguruma. "Halitoki tone la mafuta hapa mpaka maji yawe safi!"

Tembo akaziba bomba, akazoa tope kwa mkonga wake mwenyewe siku tisa. Siku ya kumi kitindamimba wa Bi Pimbi akanywa, akacheua, akaomba tena. Mama mtu akajibwaga juu ya mwamba, akashusha pumzi.

"Hewaa!"

Nanyi mkae mkijua: anayejiita mwenyeji, na anywe maji ya wenyeji.